Udongo wa Mapango ya Tembo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hyasinta alimshika ndama huku mama yake akikamua. Mwaka ule chumvi ilikuwa imeadimika hata kwenye duka la ushirika la Karatu, na ng'ombe wao wa pekee wa maziwa alikuwa amebaki mifupa na ngozi.

"Zamani tuliwapa udongo wa chumvi," bibi yake alisema siku moja. "Ule unaochimbwa na tembo kwenye mapango ya msituni. Ng'ombe akiulamba, maziwa yanarudi."

Basi Mwalimu Evarista alipotangaza kwamba darasa la sita litatembelea kanisa la zamani la parokia, kisha maporomoko ya maji na mapango ya tembo, Hyasinta alifurahi kuliko wote. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kiranja, na kiranja hawezi kuchomoka kwenye msafara bila kuonekana. Akamwendea rafiki yake Lukresia, msichana mdogo wa mwili asiyejua kumkatalia mtu.

"Wakati wa kurudi, wewe baki nyuma mapangoni uchimbe udongo kidogo," alimnong'oneza, akimpa mfuko. "Utatukuta kanisani."

Siku ya safari lori liliwashusha mbele ya kanisa. Katekista Valeriani, mzee mcheshi, aliwaonyesha kuta nene za mawe ambayo babu zao waliyabeba mabegani kutoka mtoni. "Gusa hapa," alimwambia mtoto mmoja. "Huenda jiwe hili lilimvunja mgongo babu yako!" Wote wakacheka.

Baada ya hapo waliingia msituni wakiongozwa na Moloimet, askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Waliyaona maporomoko, wakalowa na kupiga kelele za furaha. Kwenye mapango, Moloimet hakutaka mchezo.

"Mnatazama kwa macho tu. Udongo wa juu unaporomoka ovyo. Na jioni tembo wenyewe wanarudi kulamba chumvi yao."

Hyasinta alisikia kila neno. Hata hivyo, walipogeuka kurudi, alimkonyeza Lukresia.

Kanisani, Mwalimu Evarista aliwapanga mstari na kuwatazama mmoja mmoja. "Lukresia yuko wapi?"

Hyasinta aligeuka kutazama njia ya msituni. Angesema ukweli, angevuliwa ukiranja mbele ya darasa zima. Na Lukresia si angetokea sasa hivi?

"Amekwenda kwa shangazi yake kule Rhotia, Mwalimu. Aliniomba nimwagie kwako."

Mwalimu alikunja uso. "Bila ruhusa? Ndugu Moloimet, tafadhali chukua baiskeli ya Katekista umfuate. Siondoki hapa bila kumwona."

Moloimet akaweka bunduki begani, akashika njia ya Rhotia. Hyasinta alimtazama akipotea kwenye kona, na ndipo alipoelewa alichofanya. Mtu pekee mwenye bunduki alikuwa ametumwa upande ambao Lukresia hayuko.

Lukresia hakutokea. Ukungu ulianza kushuka kutoka Ngorongoro, ukafunika miti. Wenzake waliimba ndani ya lori; Hyasinta alisimama chini akiikodolea macho njia ya msituni, akimwomba Mungu rafiki yake atokee na mfuko wake. Ulipita muda, hakuja mtu. Mbali, kutoka msituni, ilisikika sauti ya tembo. Hyasinta alimkimbilia Mwalimu Evarista.

"Mwalimu!" alipiga kelele huku akilia. "Nimesema uongo! Lukresia yuko mapangoni. Mimi ndiye niliyemtuma udongo!"

Mwalimu Evarista alishika kichwa kwa mikono miwili. Katekista Valeriani hakusubiri maelezo. Alikimbilia kengele akaipiga kwa nguvu zake zote. Kengele ikilia saa isiyo ya ibada, watu wa pale hujua kuna mtu hatarini. Waliacha majembe, au wakaja nayo, wengine wakibeba madebe ya kufukuzia tembo mashambani.

"Twende utuonyeshe ni pango lipi," Katekista alimwambia Hyasinta. Hyasinta akatangulia, akijikwaa na kuinuka, huku madebe yakipigwa nyuma yake. Matawi yalivunjika kwenye ukungu, karibu kabisa. Wanaume walipiga kwa nguvu zaidi, na taratibu matawi yakaanza kuvunjikia mbali.

Ukingo wa pango ulikuwa umeporomoka. Lukresia alikuwa amefukiwa hadi kiunoni, uso wake umejaa vumbi na machozi. Walimfukua kwa majembe, kisha kwa mikono, na Hyasinta alichimba mpaka kucha zikamtoka damu. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa hai.

"Mbona mmechelewa?" Lukresia alimuuliza Hyasinta kwa sauti iliyokauka. "Nimekuita sana. Wewe si ulijua niko huku?"

Hyasinta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilimwambia Mwalimu umekwenda kwa shangazi."

Lukresia alimtazama, kisha akageuza uso na kulia kimya kimya. Kilio kile kilimuuma Hyasinta kuliko fimbo yoyote.

Walimbeba hadi kwenye lori ili wampeleke zahanati. Mwalimu Evarista alimvuta Hyasinta kando.

"Kumtuma mwenzio udongo lilikuwa kosa, ningekuchapa, tungesahau. Lakini uliponidanganya, ulimnyima msaada alipouhitaji. Ukijua mtu yuko hatarini, sema ukweli papo hapo, hata kama utaaibika. Aibu huisha. Lukresia angekufa, ungemrudisha na nini?"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mwombe yeye. Sasa panda, ushike mguu wake usitikiswe na lori. Na tukifika kwa mama yake, mimi sitasema neno. Wewe ndiye utakayemweleza."

"Ndiyo, Mwalimu," Hyasinta alisema. Akapanda, akaupakata mguu wa rafiki yake, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yule.