Ukuta wa Nje

Shoga yangu fundi cherehani ana mdomo mrefu, lakini hili alinisimulia kwa kunong'ona. Alipeleka ukoo wake mjini, watu kumi na tisa, na kila hoteli ilitaka kuwatawanya. Mwishowe wakapata vyumba sita vinavyofuatana, ghorofa ya saba. Cha mwisho akalala yeye na mjukuu wake mdogo.

“Mama, mbona unatuchunga kama mbuzi?” mwanawe akamtania.

“Afadhali mbuzi, wanasikia. Giza likiingia, kila chumba kigonge ukuta wa jirani, nijue mpo.”

Magharibi umeme ukakatika. Ngo! Ngo! Mlio ukaja chumba kwa chumba mpaka ukuta wake. Akamkumbatia mjukuu kitandani, akashusha pumzi. Wote wapo.

Kisha ukagongwa ukuta wa pili, ule wa nje, ambao nyuma yake hakuna kitu ila hewa na barabara chini kabisa.

“Bibi,” sauti ya mjukuu ikalia hukohuko nje, “mbona umeniacha?”

Kumwachia aliyemshika aliogopa, na kuendelea kumshika aliogopa zaidi.

Yule aliyemkumbatia akanyoosha mkono taratibu, akagonga ukuta kuitikia.