Lori Lisilochuchumaa

Kila gunia la lumbesa la viazi lilipotua bodini, mapafu ya mpira yaliyokaa juu ya ekseli yalijijaza upepo yenyewe, na lori likabaki limenyooka kana kwamba limepakiwa pamba. Ubongo-mizani, mashine ndogo kama kiberiti, ndio uliopima na kuamuru. Jiji la Makambako miaka hiyo lilikuwa na treni za angani, na watu wake walikuwa wameacha kuinama kutazama chini ya gari.

Mhandisi Lutengano, aliyeyabuni mapafu hayo, alisimama pembeni akijipongeza. Viatu vyake vilikuwa havijawahi kuonja grisi.

Zamani makuli walikuwa na desturi yao: gari likichuchumaa nyuma, kupakia kunakoma. Hili halichuchumai, basi wao wakapakia tu. Nani awaambie imetosha?

Aliyewaambia ni fundi Tusekile, mama wa miaka sitini, ambaye mdogo wake Ambakisye ndiye dereva wa lori hilo. Alitambaa chini na kopo la maji ya sabuni, akayapaka kwenye maungio ya mabomba ya upepo. Pafu la kushoto likatoa povu.

"Linavuja," alisema. "Na springi zimelala kabisa. Shusheni nusu."

"Mama, upepo ukipungua ubongo unaongeza," Lutengano alisema. "Tazama, gari limenyooka."

"Hata maiti hunyooka, baba. Pafu linaisaidia springi, halibebi badala yake. Umeinua bodi tu. Ekseli na breki zina mzigo uleule. Hilo hukufundishwa, au siku hiyo ulikuwa unachana nywele?"

Makuli wakacheka. Ambakisye, aliyekwisha kukaa kwenye usukani, hakucheka. Lori lilijiendesha lenyewe. Dereva aliwekwa ili apatikane wa kulaumiwa.

"Dada, nachelewa," alisema. "Mhandisi anasema ni salama."

"Vizuri. Mhandisi, panda ukae naye. Mteremke mlima Kitonga pamoja, mkanunue vitunguu Ruaha Mbuyuni."

Lutengano aliutazama mlango uliofunguliwa. Akatazama saa. Akasema ana kikao.

"Kikao kitakungoja. Panda."

Hakupanda.

Ambakisye akazima injini, akashuka polepole.

"Mwezi jana dereva mwenzangu Ndelwa alipinduka Kitonga na lori kama hili," alimwambia mhandisi. "Mkamwandikia mjane wake kwamba mumewe alisinzia."

Mhandisi aliinamia viatu vyake safi.

"Kumbe mlijua," Ambakisye alisema, wala hakupaza sauti.

Akapanda bodini, akalishika gunia la kwanza, makuli wakampokea. Lutengano alikuwa bado amesimama katikati ya njia yao. Hakuna aliyemwomba apishe. Walimzunguka na magunia yao mabegani, kama watu wanavyozunguka kinyesi cha ng'ombe.