Usije, Mpenzi

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika. Lusia, gauni la njano na raba nyeupe, alirudi nyuma kumkwepa fahali, akamkanyaga kijana mrefu mwenye shuka jekundu.

"Dada, huo mguu nina safari nao!"

"Pole. Nikubebe?"

Kijana huyo, Sitonik, akacheka, akaomba namba.

Miezi minne simu hazikupoa. Sitonik alikuwa Endulen na mifugo yake, Lusia Arusha.

"Umekula, mama?"

"Nakusubiri wewe, mkaidi."

Ila kila mmoja alificha jambo. Enzi akiendesha watalii, Sitonik alimaliza ng'ombe kumi na tisa kwenye kasino, kisha akaacha kabisa. Na kazi ya Lusia, aliyoiita "huduma kwa wateja", ilikuwa kuwapigia wachezaji wakubwa wa kasino walioacha, awavute warudi.

Jumatatu moja bosi akamwekea orodha mpya. Namba ya kwanza aliijua kwa moyo. Bosi kasimama nyuma yake. Lusia akapiga.

"Habari, mteja wetu wa thamani. Tumekuandalia chumba bure, chakula, na gari la kukufuata..."

"Lusia?" Sitonik aliitambua sauti. "Kumbe ndiyo maana ulinikanyaga."

Akakata.

"Usije, mpenzi! Usije!" Lusia alipaza sauti kwenye simu iliyokwisha kukatwa. Bosi ndiye aliyesikia. Kufika saa sita mchana, Lusia hakuwa na kazi.

Sitonik hakupokea tena simu zake. Mnada uliofuata Lusia akamsubiri penye kondoo, gauni lile lile la njano.

"Umekuja na gari la bure?" Sitonik aliuliza, uso mkavu.

"Nimekuja na basi. Nimefukuzwa."

"Kwa lipi?"

"Kwa neno ulilokata kabla hujalisikia. Nilisema usije."

"Mbele ya bosi?"

"Sikioni mwake kabisa."

Uso wa Sitonik ukalainika.

"Wale wa kasino walinipa vyumba, nyama choma, hata saa ya mkono. Hakuna aliyewahi kuniuliza ng'ombe wangu wamebaki wangapi."

Kati ya kondoo wake akamshika jike mweupe, akamwekea Lusia kamba kiganjani.

"Kwetu ukimpa mtu kondoo, majina mnayaacha. Mnaitana Paker mpaka uzeeni."

"Na wewe unataka nini kwa huyu kondoo?"

"Nataka kukuoa. Ila ukinikataa, kondoo bado ni wako."

Lusia akaizungusha kamba mkononi mara mbili, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja.

"Nani kakataa? Twende, Paker. Na leo uangalie mguu wako."