Mayu Kabula Atimiza Sabini

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Luhaga. Ng'ombe alikuwa na akili kunizidi. Mimi nilimvuta kwenda mnadani Dutwa. Yeye alisimama katikati ya njia, akakataa.

Alikuwa maksai wangu wa plau. Nilitaka kumwuza kwa sababu ya mdomo wangu. Mama yangu, Mayu Kabula, alikuwa anatimiza miaka sabini Jumapili. Tarehe tuliiona kwenye cheti chake cha ubatizo. Nami nilishatangaza hadi kanisani: "Pilau ya nyama kwa watu wote! Na keki itatoka Bariadi!"

Fedha ya pilau ilikuwa ndani ya pamba. Zamani tuliuza ushirika tu, bei moja. Mwaka ule wa 1997 walikuja wanunuzi watatu, kila mmoja na mzani wake na bei yake. Majirani waliuza. Mimi nikasema, "Ngojeni, atakuja wa nne mwenye bei nzuri."

Wa nne hakuja. Wale watatu nao wakafunga mizani, wakaondoka. Tukabaki tunalala chumba kimoja na pamba, imejaa hadi paani.

Mke wangu Generoza alinisihi kila siku: "Baba Kija, mwambie mama ukweli."

"Bado," nilimjibu kila siku. Niliona haya.

Basi Ijumaa hiyo nikiwa navuta kamba, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwangaluka, baba Kija! Mnagombania nini na mwenzako?"

Alikuwa Mektilda, bibi maendeleo wa kata yetu. Alishuka kwenye baiskeli yake.

"Mwangaluka," nikaitikia. "Namwuza huyu. Nifanye sherehe ya mama."

"Na mvua ikinyesha mwezi ujao, plau itavutwa na nani? Generoza?"

Nilicheka. Kisha nikashindwa kucheka.

"Mama hajafanyiwa sherehe hata moja maishani," nilisema. "Sasa anafika sabini. Nitamtazamaje usoni?"

Mektilda akaegesha baiskeli.

"Sikiliza. Usiuze kinacholisha nyumba kwa ajili ya siku moja. Kama fedha hakuna, mwambie mama mapema, kwa mdomo wako. Asiende kusikia kisimani. Waambie na wageni, wasije na njaa ya pilau. Halafu mwulize mama anataka nini."

"Kumwuliza?"

"Ulishamwuliza?"

Nilitazama kwato za ng'ombe. Sikuwahi.

Nikamgeuza maksai. Kurudi nyumbani alikwenda mbio. Safari hii niliyevutwa nilikuwa mimi.

Nilimkuta mama anapepeta mtama. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mayu, sherehe haipo. Nilingoja bei, nikakosa yote. Nisamehe."

Aliendelea kupepeta. "Najua."

"Nani kakuambia?"

"Pamba inachungulia dirishani, mwanangu, niulize watu? Kila jioni nangoja uniambie. Unakula, unanitania, unakwenda kulala."

"Basi Jumapili unataka nini, Mayu?"

Ungo ulisimama.

"Nataka kumwona Salu."

Salu ni mdogo wake, anakaa Zagayu. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Goti la mama lilikuwa haliwezi tena safari.

"Hilo tu?" nikauliza.

"Wewe unaliona dogo," alisema, akaanza tena kupepeta.

Jioni ile nilizunguka kwa majirani, nikawaambia ukweli. Walinicheka sana, halafu wakasema watakuja. Jumamosi alfajiri nikaendesha baiskeli hadi Zagayu. Jumapili mchana nilirudi, mama mdogo Salu yuko kwenye keria, ananipiga mgongoni: "Polepole! Mimi siyo gunia!"

Walipoonana, mama alimshika mdogo wake uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. Generoza akageuka, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Tulikula matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Majirani walileta walichonacho. Huyu maziwa, yule mayai. Wale bibi wawili waliimba nyimbo za usichana wao, wakasahau maneno, wakagombana, wakacheka hadi wakashikana mabega.

Maksai wangu alilima mwezi uliofuata, kabla ya wengi. Ile pamba niliiuza baadaye pamoja na majirani waliochelewa kama mimi. Magunia yalipokuwa mengi, mnunuzi alileta lori mwenyewe. Lakini Jumapili ile ilikuwa haijaisha.

Shemeji yangu Mayige nilimwambia mapema kama wengine. Alikuja hivyo hivyo na maneno yake.

"Luhaga, umeuaibisha ukoo! Miaka sabini, halafu viazi? Pilau iko wapi?"

"Shemeji, nilikueleza..."

"Ulinieleza nini? Mtu mzima anatimiza sabini bila hata kipande cha nyama!"

Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Watu wakaacha kula.

Mama aliweka bakuli lake chini.

"Mayige," alisema, "aliyetimiza sabini leo ni mimi. Siyo tumbo lako."