Mwanafunzi wa Bibi Klava

Mlango uligongwa mara tatu.

Taisia Grebneva aliacha kumenya viazi. Mkono wake wa kulia ulishuka taratibu hadi mfukoni mwa aproni, mahali ambapo mwalimu wa lugha hapaswi kuweka silaha. Bastola ya Makarov ilikuwa ya baridi.

"Nani huyo mvua yote hii?" Bibi Klava alifoka akijikokota kwenda mlangoni. "Kama ni mtu wa umeme, nimeshalipa!"

Hakuwa mtu wa umeme. Alikuwa kijana mrefu, amelowa chapachapa, na sanduku la magurudumu nyuma yake. Alinyoosha mkono kumsalimia bibi, yeye nje, bibi ndani.

"Mimi Joris. Mimi Mbelgiji. Shule kutuma mimi hapa, kujifunza Kirusi."

"Ala! Mkono juu ya kizingiti? Unataka tugombane mimi na wewe hata hatujajuana?" Bibi alimvuta ndani kwa mkono uleule. "Ingia kwanza. Viatu! Viatu, wewe mtoto! Ndala hizo hapo."

Kijana alitazama ndala kama mtu aliyepewa samaki hai.

Taisia aliachia bastola. Shule haikuwa imemwarifu juu ya mwanafunzi yeyote.

Shule yenyewe ilikuwa na mtindo wake. Wageni hawakukaa darasani. Waligawiwa kwa wazee wa vijiji vya mkoa wa Pskov, wakajifunza maneno sokoni, jikoni na kwenye nyumba ya mvuke. Mtindo mzuri. Wezi nao waliupenda. Nyumba kadhaa zilizopokea wageni zilikuwa zimepoteza picha takatifu za kale, na ukutani zikabaki nakala zilizochorwa kwa ustadi hata wenyewe wakaendelea kuzisalia bila kujua.

Picha ya Bibi Klava ilikuwa ya Mtakatifu Nikola, nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya miaka mingi. Makanisa yalipofungwa enzi za Wasovieti, nyanya yake Klava aliificha ndani ya mzinga wa nyuki. Mume wa Klava alifia mbele ya picha hiyo. Mwanawe wa pekee pia. Haikuwa imebaki roho nyingine ndani ya nyumba ile ya kuongea nayo.

Ndiyo sababu Idara ya upelelezi ilimpanga Taisia chumba cha nyuma, kwa jina la ualimu. Nyuma ya picha walibandika kifaa cha kufuatilia, chembamba kama ukucha.

Usiku huo aliweka kisikizi sikioni.

"Kware kwa Mnara."

"Mnara anasikia," alijibu Kanali Polozov, mkuu wake.

"Nina mgeni. Mbelgiji. Joris Verbeke."

 Vidole vilisikika vikigonga kompyuta.

"Pasi safi. Shule wanasema walisahau kukuarifu. Ni Mbelgiji kweli, Kware. Mwache ajifunze."

Basi akajifunza.

Bibi Klava alimfundisha kama mtu anavyomlisha mtoto. Alimshika vidole akamwonyesha jinsi ya kubana kingo za maandazi ya nyama. Joris akabana vibaya. Bibi akamshika tena. Joris akapiga mluzi ndani ya nyumba, bibi akampiga na kitambaa cha vyombo: "Unafukuza hela zangu, shetani wewe!" Sokoni akapita moja kwa moja hadi mbele ya meza ya samaki, wanawake wakamshukia.

"We mrefu! Umetoka mwezini? Uliza nani wa mwisho kwenye foleni!"

"Nani... mwisho?"

"Mimi hapa, mrembo wangu. Simama nyuma yangu, na usinipumulie shingoni kabla hatujaoana."

Soko zima lilicheka. Joris akawa mwekundu hadi masikioni. Hata Taisia alicheka, na kucheka kazini ni hatari.

Jioni bibi alimpeleka msituni kuchuma uyoga. Joris aliuliza jina la kila njia. Hii ya kwenda ziwani? Hii ya wakata miti? Hii je, inaishia wapi?

"Ona alivyo na bidii," bibi alimwambia Taisia. "Siku za wiki bado zinamshinda, ila njia zote za msitu anazijua. Mwanangu Pavel alikuwa hivyohivyo."

Taisia aliandika hilo kichwani. Halikutosha kumkamata mtu.

Kisha akafa Matvei Ilyich, jirani, mvuvi wa ziwani mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. Siku ya tisa baada ya kifo chake kijiji kizima kilialikwa chakula cha mchana cha kumkumbuka. Meza ndefu. Uji mzito wa ngano na asali. Matango ya chumvi. Picha ya marehemu, na mbele yake glasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate.

Wageni wengine wawili wa shule walikuwepo, Mhispania na Mkorea. Mjane alisimama. Wote wakasimama.

"Kwa Matvei," alisema.

Mhispania aliinua glasi akaigonganisha na ya Mkorea. Ting!

Meza nzima iliganda.

"Hatugonganishi kwa wafu," mtu alimnong'oneza. "Kunywa tu, mwanangu. Kimya."

Mhispania aliomba radhi, machozi yakimlengalenga. Masikini, angejuaje?

Taisia hakuwa akimtazama Mhispania.

Joris alikuwa upande wa pili, mbali, jirani ya dirisha. Kabla ya ile ting, glasi yake ilikuwa imekwisha kupanda hadi kifuani na kusimama hapo. Jirani yake wa kushoto hakuwa ameinua yake, wala hakumwonyesha. Joris alikuwa ameanza na kijiko cha uji, kama wenyeji. Akanywa mpaka mwisho, bila neno. Akaweka glasi chini polepole, jinsi wazee wote wa mezani walivyoweka zao.

Na huyo ni mtu asahauye ndala kila asubuhi.

Tangu aje, hakuwa amekaa matanga yoyote kabla ya haya. Hakuna aliyemfundisha.

Taisia aliweka glasi yake chini. Akatoka nje, nyuma ya banda la kuni.

"Kware kwa Mnara. Joris si Mbelgiji. Ni Mrusi."

"Ushahidi?"

"Hakugonganisha glasi."

Polozov alikohoa. "Amesoma kitabuni."

"Kitabu hufundisha kichwa, Afande. Huyu ni mkono wake uliosimama wenyewe. Huyu amekaa matanga tangu utotoni."

"Grebneva, nisikilize. Uhamisho wako wa Petersburg uko mezani kwangu. Binti yako anakusubiri. Usiniletee habari za glasi. Niletee picha na mwizi, na maelezo ya mwenye picha yenye sahihi yake. Basi."

Aliporudi ndani, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

"Joris kaumwa tumbo," alisema Bibi Klava. "Uji haukumkaa. Nitamchemshia chai ya majani nikimaliza kumsaidia mjane vyombo."

Taisia alikimbia.

Nyumbani, Mtakatifu Nikola alikuwa ukutani, mweusi kwa moshi. Taisia alisogeza pua. Moshi ule ulinukia rangi ya kiwandani. Nakala.

Simu yake ilikuwa tayari inawaka. Kifaa kilikuwa safarini, kuelekea kaskazini, barabara kuu ya mjini.

"Tumemwona!" Polozov alipaza sauti. "Magari mawili yanamfuata. Kaa hapohapo."

Taisia alikodolea macho kile kidoti chekundu. Kilikwenda. Kikasimama kwenye duka la kijiji cha Zaborye. Kikaenda. Kikasimama duka la pili. Mwizi gani anayekimbia huku akipita kila duka?

"Afande, mnafuata gari la maziwa."

"Nini?"

"Amekitoa kifaa akakibandika kwenye gari la maziwa. Yeye yuko msituni."

Hakusubiri jibu. Gari lake aina ya Lada Niva liliunguruma, likaruka shimo la kwanza, likaingia njia ya wakata miti. Matawi yalichapa kioo. Upande wa pili wa msitu huu ulikuwa mpaka wa Estonia.

Aliiacha Niva kabla ya kinamasi. Akaendelea kwa miguu.

Alimkuta penye mteremko. Buti za mpira, koti la marehemu Pavel ambalo bibi alimwazima, kikapu kikubwa mkononi. Yeyote angemwona mchuma uyoga.

"Habari za mchana, Joris."

Aligeuka akitabasamu. "Mwalimu! Mimi tafuta uyoga! Kwa Bibi Klava!"

"Tumbo limepona?"

"Hewa nzuri. Tumbo furahi."

"Weka kikapu chini."

"Mimi si elewa."

"Unaelewa. Hukugonganisha glasi."

Tabasamu lilibaki midomoni muda kidogo baada ya kuondoka machoni. Ndege mmoja alilia juu, akanyamaza.

"Mjinga mimi," alisema. Kwa Kirusi cha Pskov, kizito, safi, cha hapohapo. "Mjinga kabisa."

Mkono wake ulizama ndani ya uyoga, ukatoka na bastola.

Risasi ilichana mkono wa koti la Taisia, ikamkwaruza ngozi. Alijitupa kando, akafyatua moja chini ya buti za kijana. Udongo uliruka. Jamaa aliteleza kwenye majani ya misonobari. Kabla hajainuka, goti la Taisia lilikuwa mgongoni mwake. Pingu zikalia.

Chini ya uyoga, ndani ya kitambaa cha jikoni chenye maua, Mtakatifu Nikola alimtazama bila hasira.

"Jina?"

"Kirill Loskutov."

"Kwenu?"

Alicheka, mdomo ukiwa kwenye matope. "Kituo cha watoto yatima. Wilaya hiihii. Mazishi nimekula mengi, mwalimu. Wanakijiji walikuwa wanatuita siku za matanga. Siku hizo tulishiba."

Taisia alimwinua akamkalisha kwenye gogo. Damu yake mwenyewe ilikuwa inachuruzika kidogo kwenye kiganja.

"Umeigiza vizuri."

"Si yote." Hakumtazama. "Unajua kubana yale maandazi? Mimi najua. Nilipika jeshini. Kila nikibana vibaya alinishika vidole tena. Nikawa nabana vibaya makusudi. Mtu mzima mimi, nina ndevu, nafundishwa jina la kijiko na mtu anayetabasamu nikikosea. Sisi kituoni kijiko tulirushiwa."

"Na bado ukamwibia."

"Na bado nikamwibia." Alitema matope. "Ndivyo nilivyo mimi."

Redio ilikwaruza. Gari moja, Volvo ya kijivu, lilikuwa limesimama kwenye barabara ya mpakani bila sababu. Taisia aliagiza walizuie. Kisha akamgeukia Kirill.

"Picha nyingine ziko wapi?"

"Nikikwambia, utanipa nini?"

"Sina cha kukupa. Miaka haipunguzwi na mimi."

"Sitaki miaka." Sasa alimtazama. "Usimwambie. Bibi asijue kwamba nilikuwa Mrusi, wala kwamba nilimwibia. Mwache aamini alimfundisha mtu kusema. Alimwambia kila jirani. Alijivuna hadi kwa muuza samaki."

Alikuwa mwizi. Alikuwa amemlenga risasi dakika chache zilizopita. Lakini Taisia alikumbuka bibi akicheka jikoni, unga hadi kwenye nyusi, kicheko ambacho jirani walisema hawajakisikia tangu Pavel azikwe.

"Naahidi," alisema.

Gereji, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, mjini. Kirill alitaja mpaka namba ya kufuli.

Jioni Polozov alipiga simu akiwa mchangamfu kama bwana harusi.

"Zote, Grebneva! Zote ziko gerejini! Na wa Volvo anaongea bila hata kuulizwa. Sasa lete picha ya bibi na maelezo yake, nifunge jalada."

Picha ilikuwa imerudi ukutani. Taisia aliitundika kwa mikono yake kabla bibi hajamaliza vyombo vya mjane. Nakala ilikuwa ndani ya buti ya Niva.

"Utapata nakala, bastola yake na maungamo yake, Afande. Maelezo ya bibi hakuna. Hakuna atakayemhoji."

"Una wazimu? Umegusa kielelezo? Bila mwenye mali kusema ameibiwa, wizi huo haupo! Utabaki na kesi ndogo ya magendo ya uyoga!"

"Wa gerejini watasema. Wako wengi. Loskutov hatatoka."

"Kwa nini basi?"

"Niliahidi."

"Umemwahidi mwizi."

"Nimeahidi."

 Aliposema tena, Kanali hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Barua ya Petersburg naichana. Jumatatu unaripoti kituo cha Chukotka, mwisho kabisa wa mashariki. Huko hakuna bibi, hakuna glasi, ni theluji tu. Mwambie mwenyewe binti yako."

Simu ikakatika.

Jikoni Bibi Klava alikuwa ameketi mbele ya birika, vikombe vitatu mezani.

"Yuko wapi mgonjwa wangu? Kitanda kitupu."

"Ameitwa kwao ghafla, Bibi Klava. Mama yake ni mgonjwa sana. Gari la shule lilimchukua."

"Bila kuniaga?" Mkono wa bibi ulitafuta ukingo wa meza. "Angalau aliketi kidogo kabla ya safari? Nilikuwa bado sijamfundisha hilo. Mtu asiondoke hivihivi, kama anafukuzwa."

Taisia alimwona Kirill ndani ya gari la polisi, mlango ungali wazi, pingu mikononi. Alikuwa amemwambia dereva: ngoja kidogo. Akainamisha kichwa, akakaa kimya. Kisha akasema: twende.

"Aliketi," Taisia alisema. "Nilimwona."

Katika yote aliyomwambia bibi yule, hilo peke yake lilikuwa kweli.

"Unaona?" Macho ya bibi yalijaa, lakini kidevu kilinyanyuka kwa majivuno. "Aliona kwa watu akashika. Alikuja hajui ndala. Sema wewe uliye mwalimu: alijifunza, hakujifunza?"

Simu ilitetemeka mfukoni. Polozov tena. Nafasi ya mwisho, ujumbe ulisema. Andika neno moja tu la bibi.

Taisia aliizima.

"Alijifunza vizuri kuliko wote, Bibi Klava."

Kisha akaaga kwamba amehamishwa kazi, akavaa koti lililochanika, akabeba sanduku lake, akatoka kwenye mvua bila kugeuka.