Kupe wa Mzee Nyarugabo

Kila Jumamosi Mzee Nyarugabo huenda kwenye shamba la mbuzi, nje kidogo ya mji wa Buffalo, huku Marekani. Yeye ndiye anayewachagulia watu wa kanisa mbuzi wa sherehe. Siku zingine anakaa tu kwenye kiti chake dirishani. Lakini Jumamosi anaamka akiimba.

Siku moja alienda na mjukuu wake, Shami. Walipumzika kwenye majani marefu, karibu na msitu. Jioni Umurerwa, mama yake Shami, alikuwa anamsuka nywele. Nyuma ya sikio akaona kidude cheusi. Kilikuwa na miguu.

"Ni kupe tu," Mzee alisema. "Lete kiberiti nimuunguze. Ng'ombe zangu zilikuwa nao wengi."

Umurerwa akamwita jirani yao Précieuse, anayefanya kazi kliniki.

"Mzee, weka kiberiti chini," alisema Précieuse. "Huyu hatumuunguzi, hatumminyi, hatumpaki mafuta."

Akaomba kibano cha nyusi. Akamshika kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta juu taratibu. Halafu akaosha pale kwa sabuni.

Akawaeleza kwamba kupe wengine wa huku wanabeba virusi vinavyoitwa Powassan. Wanaougua ni wachache, lakini ubongo unaweza kuvimba. Chanjo hakuna, na dawa ya kuviua hakuna. Kwa mwezi mzima wamwangalie Shami. Akipata homa, akiumwa sana kichwa, akitapika au akichanganyikiwa, waende hospitali haraka na waseme aliumwa na kupe.

"Donc, shamba basi," Umurerwa alisema. "Hakuna mtu anarudi kule."

Mzee akaangalia kile kiti cha dirishani.

"Hapana, Mzee aende," Précieuse alisema. "Ila avae suruali ndefu, aiingize ndani ya soksi. Apake dawa ya kufukuza wadudu, aepuke majani marefu. Akirudi aoge, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia, joto liwaue kupe, mwili ukaguliwe wote. Mzee, kwa ng'ombe kupe anajificha wapi?"

"Masikioni. Kwapani. Katikati ya mapaja."

"Bon. Kwa mtu ni palepale, na kwenye nywele."

Umurerwa akacheka, akakubali.

Mwezi ukaisha, Shami hakuugua. Sasa Mzee anaenda shambani na soksi nyekundu juu ya suruali, na Shami anamwita mchezaji wa mpira. Wakirudi na kuoga, Mzee anakaa kwenye kiti chake na kuwaita waliokwenda mmoja mmoja awakague, masikio kwanza.

Jumamosi iliyopita Précieuse alipita kunywa chai. Mzee akamwambia ainamishe kichwa.

"Lakini mimi nimetoka kazini tu, Mzee."

"Ng'ombe zote zinasema hivyo," alijibu Mzee, na kuanza na sikio la kushoto.