Mbegu za Dume Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Edinah, mhudumu wa maabara, alifungua maabara ya kituo cha kuzalisha samaki pale Lanet, mkononi ana kijiti kipya cha kupimia kina cha naitrojeni, akakuta kifuniko cha mtungi wa naitrojeni, ule wa kugandishia mbegu, kiko sakafuni. Akaingiza mkono. Ndani pakavu, vuguvugu kama sufuria iliyooshwa jana. Mirija yenye mbegu za kiume za dume nambari kumi na saba, tilapia aliyekufa Januari, ilikuwa imepoteza baridi, mbegu zote zimeyeyuka na kuharibika.

Ilikuwa kazi ya miaka miwili ya mtafiti Joan Chelagat. Alikuwa akisoma RNA ndogo, vijibarua ambavyo baba samaki hutia kwenye mbegu zake kuwaambia watoto wawe madume au majike. Kesho yake maabara nyingine ingekuja kuchukua mirija hiyo ihakikishe matokeo yake.

Saa mbili, Nyongesa, mlinzi wa usiku, alikuwa ametiwa pingu. Ndiye mwenye ufunguo usiku, alisema meneja Mbugua, na labda alitumwa na Kibii, muuza vifaranga wa samaki kule Gilgil, mshindani wa kituo. Angefikishwa kortini saa nane mchana. Kwamba Nyongesa alirudi kutoka likizo Jumapili jioni tu, hakuna aliyeuliza. Edinah alikuwa na miaka tisa, Mau Narok, alipomwona baba yake akipakiwa kwenye Land Rover kwa ndama ambaye nyapara alikuwa amemuuza mwenyewe. Baba alirudi baada ya miezi minne na hakuwahi tena kumtazama mtu usoni. Mashamba yamebadilisha wenyewe. Wa kushikwa kwanza hajabadilishwa.

Alimpigia Kibii. Tangu Ijumaa alikuwa matangani Kikopey, na mwenye bucha aliyewapikia alithibitisha. "Na tena mimi nauza vifaranga, mathe," Kibii alimwambia, "siuzi manii."

Edinah akakaa chini akapiga hesabu. Mtungi ukimwagwa usiku, asubuhi shingo yake bado ina barafu. Hukaa baridi hata siku mbili. Huu ulikuwa na joto. Basi ulimwagwa kabla Nyongesa hajarudi kazini. Alifungua daftari la vipimo. Ijumaa, siku ambayo Edinah huwa mapumzikoni, saa kumi jioni: naitrojeni sentimita ishirini. Mwandiko wa Joan.

Alimkuta Joan kwenye matangi ya samaki.

"Daktari, Ijumaa ulipima na nini?"

"Na kile kijiti, Mama Edinah."

"Kilivunjika Alhamisi. Nilikibeba nyumbani, mzee wangu akanichongea hiki."

Joan aliweka wavu chini. Alipoanza kuongea hakukoma. Pale kituoni chakula chote huwekwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Mkebe wa chakula chenye dawa ya kugeuza vifaranga kuwa madume hufungwa uzi mwekundu. Uzi mmoja ulitoka mkebe ulipooshwa. Miezi mitatu aliwalisha dawa madume wake wa utafiti bila kujua. Vile vijibarua alivyovitangaza havikuwa vya samaki, vilikuwa vya dawa. Aligundua wiki iliyopita, na kesho wale wa maabara nyingine wangegundua pia, ndiyo maana Ijumaa aliumwaga mtungi.

"Nilidhani watasema kuna mtu alisahau kifuniko."

"Mtu gani? Hapa mtu wa kusahau ni nani? Ni mimi ama ni Nyongesa. Ulijua."

Joan alilia. Edinah alimpenda huyu msichana, alikuwa akimwekea chai kila asubuhi, na hilo ndilo lililomkata maini. Alimwambia avae sweta, waende.

Saa saba na dakika ishirini, kituo cha polisi, Joan alitia sahihi maelezo yake akaketishwa kwenye benchi. Nyongesa akatolewa, viatu havina kamba, mshipi mkononi, jicho moja limevimba. Alipomwona Joan, alisimama wima kama anavyosimama getini.

"Asante kwa kuja kunitoa, Daktari," akasema. "Mungu akubariki."

Joan akainamisha kichwa. Edinah alimshika Nyongesa mkono, akatafuta pa kuanzia kumwambia, asipate.